Mradi ukiondoka, nani atalipa mafuta?

Swali hilo ndilo lililonipa jina. Nikiingia kwenye kikao cha kutambulisha mradi mpya, wapo waliokuwa wakitabasamu kabla sijavuta kiti: "Mama Mafuta kafika." Sikuwahi kuona vibaya. Nilianza kazi nikiwa muuguzi mkunga wa zahanati mkoani Kigoma, nikastaafu nikiwa mratibu wa afya ya uzazi na mtoto wa wilaya, na mratibu ni mtu wa katikati. Juu yake wako mganga mkuu wa wilaya, mkoa, TAMISEMI (ofisi inayosimamia mikoa na halmashauri) na wizara. Pembeni yapo mashirika, kila moja na nembo yake, fomu zake na gari lake jeupe. Chini yuko sista wa zahanati ambaye usiku anazalisha peke yake, anamulikiwa na tochi ya simu. Wote hao wanasema wanamsaidia mama yuleyule mmoja. Kukaa katikati yao kulinifundisha kutofautisha msaada unaobaki na msaada unaopita.

Nianze na serikali, kwa sababu tunapozungumzia "wafadhili" huwa tunaisahau. Mama anapopimwa wingi wa damu, anapopewa vidonge vya kuongeza damu, SP za kukinga malaria na chandarua, anachokiona mbele yake ni sista tu, haoni wizara. Sera inasema huduma za wajawazito na watoto wa chini ya miaka 5 hazilipiwi. Lakini kwa muda mrefu kabati la dawa lilikuwa na sera yake. Sista anaagiza glovu Bohari ya Dawa kupitia wilayani, jibu linarudi kwamba hazipo, na mama anaelekezwa aje na zake: glovu, pamba, wembe, kibanio cha kitovu, mpira wa kutandika. Familia isiyo na hela ya vitu hivyo ilikwenda kwa mkunga wa jadi, ambaye angalau hakudai orodha.

Badiliko kubwa kuliko yote niliyoshuhudia halikuwa na sherehe wala mgeni rasmi. Mwaka wa fedha 2017/18 fedha za Mfuko wa Pamoja wa Afya, ambao wafadhili huuchangia kwa pamoja, zilianza kwenda moja kwa moja kwenye akaunti za vituo, badala ya kukaa halmashauri na kugawiwa kutoka huko. Zahanati ikawa na akaunti yake. Kamati ya usimamizi wa kituo, ambayo ndani yake wamo wanakijiji wenyewe, ikaanza kukaa na kubishana juu ya kitu halisi. Nilikwenda kusimamia zahanati moja nikakuta wamenunua glovu na dawa ya kusafishia, wametengeneza bomba, na mlinzi analipwa. Mlinzi ni jambo dogo kwa anayesoma ripoti Dodoma. Kwa sista anayeitwa saa 8 usiku atoke nyumbani aende kufungua chumba cha kujifungulia, mlinzi ndiye anayeamua kama mlango utafunguliwa au la.

Sasa mashirika. Kigoma tuliwaona wa kila aina, na nitataja moja kwa jina kwa sababu kazi yake inajulikana: Thamini Uhai. Mpango wake ulianza 2006 kwa fedha za Bloomberg Philanthropies, na wazo lake lilikuwa kupeleka upasuaji chini, kwenye vituo vya afya, badala ya kumsubiri mama afike hospitali. Anayeijua Kigoma anaelewa kwa nini. Vijiji vya mwambao kuelekea Kalya, kwa miaka mingi, barabara yao ilikuwa Ziwa Tanganyika lenyewe, na ziwa likichafuka hakuna barabara. Madaktari wasaidizi wakafundishwa kumfanyia mama upasuaji wa kumtoa mtoto, wauguzi wakafundishwa kutoa dawa ya usingizi. Tathmini zilizofanywa mkoani zinaonyesha vifo vya uzazi vilishuka kutoka 303 kwa kila vizazi hai 100,000 mwaka 2014 hadi 174 mwaka 2018.

Kwangu, lililonivutia zaidi ya takwimu ni orodha ya mishahara. Yule daktari msaidizi na yule muuguzi wa usingizi walikuwa watumishi wa serikali kabla ya mafunzo na walibaki watumishi wa serikali baada yake. Mpango ulipokabidhiwa serikalini, hawakuondoka na gari. Linganisha na kituo kingine, mbali na pale, ambako shirika lisilohitaji kutajwa lilijenga chumba cha upasuaji kizuri, vigae mpaka dirishani, utepe ukakatwa. Maji hayakufika. Mtu wa dawa ya usingizi hakuwepo na hakuwemo kwenye mpango wa mtu yeyote. Nilipopita baadaye, chumba kilikuwa stoo ya vyandarua.

Ninapoeleza hili vijana wa miradi hunijibu kwamba maji ni jukumu la halmashauri. Ni kweli. Basi nendeni halmashauri kabla ya kuchimba msingi, mkae na mganga mkuu wakati wa kuandaa mpango kabambe wa afya wa mwaka, muulize ni mstari gani wa bajeti utabeba dizeli ya jenereta. Kama mstari haupo, jengo hilo lina tarehe ya kufa hata kabla halijazaliwa.

Kuna jambo jingine Thamini Uhai walilijaribu ambalo halikuhitaji tofali hata moja: kumruhusu mama awe na mtu wake chumbani wakati wa uchungu. Mama, dada, shangazi, yeyote amtakaye. Tulizoea kuwafukuza ndugu wakakae chini ya mwembe. Hofu ya wakunga ilikuwa kwamba watajaza chumba na kuingilia kazi. Ilihitaji mapazia ili mama wa kitanda cha pili asionekane, na maelekezo machache kwa msindikizaji. Shangazi akikaa pale anamsugua mama mgongo, anampa uji, anamwita sista damu ikizidi. Na lugha chafu dhidi ya wajawazito, ambayo semina nyingi zilishindwa kuiondoa, hupungua yenyewe pakiwa na shangazi anayesikiliza.

Nimefika kwenye mafuta. Zamani rufaa ilikwenda hivi: sista anampigia mganga wa kituo, mganga anampigia dereva, dereva anasema gari limepeleka chanjo, au liko gereji, au lina mafuta ya kufika nusu ya njia. Ndugu wanaanza kuchangishana. Mwenye pikipiki anataja bei ya usiku. Mama anayetokwa na damu nyingi baada ya kujifungua anaweza kufariki ndani ya saa 2, na nimeona saa 2 hizo zikiisha kwenye mazungumzo ya nani anatoa shilingi ngapi.

Mfumo wa m-mama umelikamata tatizo hili mahali penyewe. Ulianzia Kanda ya Ziwa ukisaidiwa na taasisi ya Vodafone, na mwaka 2022 serikali ikaanza kuusambaza nchi nzima. Mtu anapiga 115, bure. Anayepokea yuko kituo cha uratibu cha mkoa, anafuata maswali yaliyopangwa: damu, degedege, uchungu umeanza lini, mtoto mchanga anapumuaje. Akijua hali, anatafuta gari la wagonjwa lililo karibu. Kama halipo, anampigia dereva wa kijijini aliyesajiliwa, mwenye gari lake mwenyewe. Hospitali inaarifiwa mgonjwa yuko njiani. Dereva akimfikisha, analipwa kwenye simu yake.

Wageni huvutiwa na teknolojia. Mimi husema siri iko kwenye malipo. Dereva aliyewahi kubeba mjamzito kwa ahadi ya halmashauri, akafuatilia hela yake miezi kadhaa kwenye ofisi tatu, hatapokea simu yako tena usiku wa manane, na ukimlaumu humtendei haki. Lakini ukimlipa akiwa bado yuko kwenye uwanja wa hospitali, utampata kesho na keshokutwa. Upesi wa malipo ndio unaomtoa mtu kitandani.

Simu nayo haivuki mawimbi. Kwa vijiji vya ziwani na vya ng'ambo ya mito inayofurika masika, dawa ni mama kuwa karibu na hospitali kabla uchungu haujaanza, na ndiyo maana ya nyumba za mama ngojea. Tulikuwa nazo, na wakati fulani zilikaa nusu tupu. Kila mkutano ulipendekeza "elimu zaidi kwa jamii". Akina mama walipoulizwa walisema wanajua vizuri faida yake. Ila hakuna jiko, hakuna pa kumlaza mtoto mdogo aliyekuja naye, na nyumbani hakuna wa kuchota maji. Palipojengwa jiko na ndugu mmoja akaruhusiwa kulala hapo, vitanda vilijaa. Elimu ilikuwepo tangu mwanzo.

Kwa watoto wachanga, mabadiliko niliyoyaona yalikuja na mdoli wa kufanyia mazoezi. Mtoto asiyelia akizaliwa anakaushwa, anachezeshwa mgongo, na asipopumua anapewa hewa kwa mfuko na barakoa ndani ya dakika ya kwanza, ile tunayoiita dakika ya dhahabu. Mafunzo ya kuwasaidia watoto kupumua yalipoanza kutumika katika hospitali 8 nchini, utafiti uliochapishwa 2013 ulionyesha vifo vya ndani ya saa 24 vilipungua kwa asilimia 47. Mikono husahau, hata hivyo. Mtu aliyefundishwa siku mbili hotelini, akapewa cheti na nauli, baada ya miezi sita anautafuta mfuko kabatini wakati mtoto anageuka bluu. Baadaye ulikuja mpango uliotokana na kazi ya Hospitali ya Haydom, uliofanyika kwenye vituo 30 vya mikoa ya Manyara, Tabora, Geita, Shinyanga na Mwanza, ambao kiini chake ni mazoezi mafupi ya mara kwa mara palepale wodini, juu ya mdoli, kati ya mgonjwa na mgonjwa. Mkoa wetu haukuwemo, lakini wenzetu wa Tabora ni majirani na habari zilitufikia. Tulichukua wazo bila kusubiri mradi: mdoli ukatolewa kwenye kabati la mganga mfawidhi, ukawekwa juu ya meza ya chumba cha kujifungulia, na kila zamu ikaanza nao. Wapo waliolalamika kwamba mazoezi ya wodini hayana posho.

Posho. Mtumishi wa wilaya akisikia "mkutano wa kikanda" huona mabegi yenye nembo na chai ya saa 4, na nusu ya mikutano hiyo inastahili dhihaka. Nusu nyingine ina faida ambayo huonekana baadaye sana. Arusha yapo makao makuu ya Jumuiya ya Afya ya Afrika Mashariki, Kati na Kusini, iliyoanzishwa 1974, na chini yake kuna chuo cha wauguzi cha nchi wanachama. Kupitia mikusanyiko ya namna hiyo niliwasikia wakunga wa Malawi wakieleza jinsi nchi yao, wakati wa Rais Joyce Banda, ilivyoanzisha mpango wa uzazi salama mwaka 2012 na kuwapa machifu kazi ya kuhakikisha wajawazito wanakwenda kujifungulia vituoni, sambamba na ujenzi wa nyumba za kusubiria. Sisi hatuna machifu wenye nguvu hiyo. Tuna wenyeviti wa vitongoji, na mwenyekiti wa kitongoji anajua tumbo la kila nyumba kabla ya zahanati kulijua. Niliporudi tulianza kuwapa daftari la kuandikia wajawazito.

Kikanda pia ndiko ziliko ahadi ambazo mtu wa wilaya anaweza kuziegemea. Abuja mwaka 2001 wakuu wa nchi za Afrika waliahidi asilimia 15 ya bajeti zao kwa afya. Najua vizuri jinsi ahadi hiyo ilivyotekelezwa katika nchi nyingi. Lakini diwani anayekuuliza kwa nini unadai fedha za mafuta badala ya madawati, unaweza kumjibu kwamba serikali yake ilikwisha kusaini.

Kigoma ukanda si kitu cha kwenye makaratasi. Kambi ya Nyarugusu ipo tangu 1996. Wamezaliwa humo watoto wa wazazi kutoka Kongo na Burundi, wakihudumiwa na Msalaba Mwekundu Tanzania na mashirika ya Umoja wa Mataifa, na wale wenye matatizo makubwa hupelekwa hospitali zetu. Mama anafika hana kadi yetu ya kliniki, historia yake iko kwenye Kirundi chake. Kwa bahati Kiha na Kirundi ni ndugu, na mara nyingi mhudumu wa usafi ndiye aliyekuwa mkalimani wetu bora.

Lililo gumu zaidi kulizungumza ni mapitio ya vifo. Kila kifo cha mama kinachotokana na uzazi kinatakiwa kitolewe taarifa ndani ya saa 24, kisha kamati ikae na faili: alifika saa ngapi, nani alimwona, damu iliombwa lini, ikaja lini. Kikao kizuri hakitaji jina la sista. Kinagundua, kwa mfano, kwamba dawa ya kuzuia damu kutoka baada ya kujifungua, oksitosini, ilikuwa imekaa dirishani ilhali inatakiwa friji, nyuzi 2 hadi 8, na kwamba friji ya chanjo ilikuwa na nafasi ila hakuna aliyeruhusu iwekwe humo. Mambo ya namna hiyo yanarekebishika kwa wiki moja.

Novemba 2018, Mama Samia, wakati huo akiwa Makamu wa Rais, alizindua kampeni ya Jiongeze, Tuwavushe Salama, na wakuu wa mikoa wakasaini kuwajibika kwa vifo vya mama na mtoto katika maeneo yao. Kwa upande mmoja lilikuwa jambo kubwa. Kwa mara ya kwanza mheshimiwa mkuu wa mkoa aliuliza habari za vifo vya wajawazito katika kikao kilekile cha barabara na madarasa, na wakurugenzi wakaanza kuja na majibu. Kwa upande mwingine, ukimwambia mtu atawajibishwa kwa kila kifo, vifo vingine huanza kuandikwa malaria. Nimekaa na faili moja ambalo kila mtu chumbani alijua ni la uzazi na karatasi ya juu ilisema vingine. Wanasiasa wanafaa sana kwenye kudai bajeti. Ndani ya chumba cha mapitio wanatisha watu, na hapo ningewaacha nje, kwa heshima zote.

Ndiyo maana hupokea takwimu za taifa kwa furaha na kwa uangalifu pia. Utafiti wa mwaka 2010 ulitoa vifo 454 kwa vizazi hai 100,000, wa 2015/16 ukatoa 556, wa 2022 ukatoa 104. Namba hizi hupatikana kwa kuwauliza watu kaya kwa kaya juu ya ndugu zao waliofariki, kwa hiyo kila moja ina upana wake wa makosa. Sidhani tulikuwa wabaya kiasi kile 2015 kuliko 2010. Ila kwamba kina mama wengi zaidi wanarudi nyumbani na watoto wao, hilo silihitaji utafiti. Niliona vitabu vya wodi ya wazazi vikijaa upesi na kurasa za vifo zikipungua.

Mwanzoni mwa 2025 serikali ya Marekani ilipositisha misaada yake ya nje, wenzangu walio kazini walinipigia simu. Sehemu fulani wahudumu waliolipwa na mradi walikwenda nyumbani ndani ya siku chache, na kompyuta zikakusanywa. Sehemu nyingine kazi hiyohiyo iliendelea, kwa mwendo wa kusuasua, kwa sababu iliwahi kuingizwa kwenye mpango wa halmashauri na aliyekuwa akiifanya alikuwa mwajiriwa wa halmashauri. Hawakunipigia kunisifu. Walitaka kujua jinsi ya kuandika mafuta kwenye mpango ili yasikatwe. Niliwaambia wasiandike "mafuta". Waandike idadi ya rufaa walizofanya mwaka uliopita, umbali wa kila moja, na jumla yake. Mafuta peke yake hukatwa. Rufaa za akina mama, ukiziorodhesha kwa kijiji, kila diwani anatafuta kijiji chake.

Lililobaki gumu ni damu. Chumba cha upasuaji kipo, daktari yupo, 115 imemfikisha mama, na friji ya damu ina chupa mbili za kundi lisilo lake. Wachangiaji wetu wakubwa ni wanafunzi wa sekondari, na shule zikifungwa Juni na Desemba akiba inashuka wakati ambapo wajawazito hawafungi. Wilaya mojawapo imeanza kupanga na makanisa na misikiti zamu za kuchangia kwenye miezi hiyo. Waendesha bodaboda nao wameomba kuandikwa, kwa sharti moja: wapewe kadi zenye makundi yao ya damu, wakizingatia kazi wanayoifanya. Kadi hizo zinachapwa stesheneri, na halmashauri imekubali kuzilipia kwa mwaka huu wa fedha.